UMEKOSEA FOMU YA MKOPO? USIKAE KIMYA!

(Mada iliyotolewa kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita)

 

Mmezoea kuniona nikija kuongea juu ya ukimwi, mimba na kujikinga. Leo nimekuja na fomu. Najua mnajiuliza, eti fomu na afya wapi na wapi? Subirini kidogo, mtaona.

Fomu yenyewe ni ile ya kuomba mkopo wa elimu ya juu. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Siku hizi maombi hufanywa kwa intaneti. Ukishabonyeza kutuma, unashusha pumzi. Halafu usiku, umelala, unakumbuka: mungu wangu, pale nimekosea!

Mimi yalinikuta.

Nilipomaliza kidato cha sita nilikwenda kujaziwa fomu steshenari. Foleni ilikuwa ndefu. Yule kijana wa kompyuta akaniuliza kwa sauti, watu wote wakisikia: "Dada, wazazi wako wote wapo?" Nikajibu, "Wapo."

Si kweli. Baba yangu alifariki nikiwa kidato cha pili. Nyumbani ugonjwa wake haukutajwa kabisa. "Aliugua sana," basi. Nikaona afadhali awe hai kwenye karatasi kuliko watu waanze kuuliza alikufa kwa ugonjwa gani. Mama akasaini bila kusoma. Mtendaji wa mtaa akagonga muhuri. Fomu ikaenda.

Basi, kuanzia hapo usingizi ukapaa. Chakula hakipiti, tumbo linauma, nikiulizwa nasema malaria. Malaria gani? Yalikuwa mawazo! Ukafunguliwa muda wa kurekebisha maombi, na mimi nikakaa kimya mpaka ukapita. Niliogopa kwamba nikibadilisha nitaonekana mwongo. Majina yalipotoka, langu halikuwamo.

Nilikwenda chuo hivyo hivyo. Wiki za mwanzo tulikuwa tukibebana, wasichana wawili kitanda kimoja, huku nikila mlo mmoja kwa siku. Hapo ndipo akatokea kaka mmoja mtanashati. Akaniambia anawajua watu, mkopo wangu atausukuma, ila "tuonane kwanza jioni, sehemu tulivu". Mnaelewa alichotaka. Nawaambia ukweli, nilifikiria kwenda. Njaa si mchezo.

Sikwenda. Nilimpigia mama simu, nikamwambia yote. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Cheti cha kifo cha baba yako kipo sandukuni kwangu." Siku aliyonikabidhi, ndipo aliponiambia kwa mdomo wake kuwa ni ukimwi. Tulilia wote wawili. Cheti tukakihakikisha RITA, nikakiambatisha kwenye rufaa, nikaeleza kosa langu. Mkopo ukaja, umechelewa, lakini ukaja.

Sasa mnaona fomu na afya zinakutana wapi?

KOSA LIPI HUREKEBISHWA?

Makosa mengi ni ya kawaida tu: kurasa hazina saini au muhuri, cheti kimepigwa picha vibaya hakisomeki, cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa, namba ya akaunti ya benki imekosewa, au kama mimi, habari za wazazi si sahihi. Hili la mwisho lina uzito, kwa sababu Bodi hupima uhitaji. Yatima, mwenye ulemavu, au anayetoka kaya inayosaidiwa na TASAF anatakiwa aonyeshe ushahidi. Ukificha, unajinyima mwenyewe.

Kwa hiyo ukigundua kosa, fanya hivi:

1. Ingia kwenye akaunti yako ya maombi, soma taarifa zilizomo. Usingoje kuambiwa na mtu.

2. Hakikisha namba ya simu na neno la siri ni vyako. Wengine wanaandikiwa namba ya yule kijana wa steshenari! Ujumbe wa kurekebisha unakwenda kwake, wewe uko kijijini hujui lolote.

3. Tayarisha karatasi mapema. Uhakiki wa RITA huchukua siku, na muda wa kurekebisha huwa mfupi. Ambaye ndugu hawajakata cheti cha kifo, aanze leo kufuatilia ofisi ya mkuu wa wilaya.

4. Angalia namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Ile uliyoombea chuo ndiyo hiyo hiyo uombee mkopo. Zikitofautiana, utaonekana watu wawili.

5. Muda ukipita, usikate tamaa. Baada ya mikopo kupangwa huwa kuna nafasi ya rufaa. Lakini rufaa ni njia ndefu, na njaa haisubiri.

Kumbuka pia, kukosea na kudanganya ni vitu viwili. Mwenye wazazi wote wawili akijiandika yatima anaweza kupoteza mkopo na kufikishwa kwenye sheria. Na msije mkasema dada wa afya ndiye kasema!

JE, MTU AKIKUAMBIA ATAKUSAIDIA?

Marekebisho hayana mlango wa nyuma. Ada ya maombi hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi mwa mtu. Anayetaka pesa ili "akusukumie" ni tapeli. Anayetaka mwili wako ni hatari zaidi, awe kijana wa mjini au mwenye cheo. Ofisa au mwalimu akikudai ngono ili akuhudumie, hiyo ni rushwa. Piga TAKUKURU, namba 113, simu ni bure. Wavulana, msicheke, na ninyi yanawakuta.

NENO LA MWISHO

Najua humu ndani yupo aliyeandika jambo kwenye fomu kwa sababu ya aibu. Baba asiyejulikana, mama aliyefariki kwa ugonjwa usiotajwa, ulemavu unaofichwa. Rafiki yangu, hukufanya kosa kufiwa. Hukufanya kosa kuwa maskini.

Mtafute mtu mmoja unayemwamini: mama, shangazi, mwalimu wa ushauri, au mimi hapa baada ya kipindi. Mwambie leo. Kosa likisemwa mapema ni karatasi moja tu ya kubadilisha. Likifichwa, linakula usingizi wako, tumbo lako, na mwisho linakupeleka sehemu tulivu jioni na mtu usiyemjua.

Haya, nani ana swali?