Chakula cha Mama Mja Mzito

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano wa Mwaka, Likoni)



Kamati iliponiagiza nizungumze juu ya chakula cha mama mja mzito, baadhi ya wenzangu walicheka, wakauliza karani mwanamume ana habari gani za mimba. Habari niliyo nayo ni ya daftari. Daftari la fedha za chama hiki li mikononi mwangu, na kila nilifunguapo naona ya kuwa sisi ni wepesi wa kutoa fedha za sanda na jeneza, lakini hamna mstari hata mmoja ulioandikwa jina la mama aliyebeba mimba.

Habari ya pili ni ya nyumbani kwetu. Dada yangu mkubwa alipokuwa na mimba ya tatu, alichoka hata akawa hawezi kuupanda mwinuko wa kivuko pasipo kusimama mara mbili. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Sisi tulisema ni uchovu wa mimba tu. Siku ya kujifungua alitokwa na damu ambayo mwenye damu ya kutosha angaliistahimili, lakini yeye hakuwa na akiba, ikatubidi ndugu watatu kwenda kutolewa damu upesi. Akapona, namshukuru Mungu. Ndipo nilipokumbuka jinsi samaki alivyogawanywa nyumbani: minofu ilikuwa yangu na ya shemeji, na fungu la dada lilikuwa kichwa na mchuzi. Hapana aliyekusudia kumdhulumu. Ndivyo sahani zilivyopangwa tangu zamani, nasi tulikula bila kutazama.

Mwili wa mja mzito huongeza damu karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo kwanza, na kazi hiyo yahitaji madini ya chuma. Damu yake ikipimwa, kipimo kisipofika gramu 11 huhesabiwa kuwa ana upungufu. Hapa pwani tuna wezi wawili wa damu, yaani malaria na minyoo, kwa hiyo mama wa Likoni au Kisauni ana haja ya kula vizuri kuliko mwenziwe akaaye penye baridi.

Wengi hudhani chakula bora ni cha matajiri. Sikubali. Kunde, mbaazi, mchicha, mnavu, kisamvu na dagaa vyapatikana Kongowea kila siku. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yake, nayo humpa mama kalsiamu. Chuma kilichomo katika mboga na kunde huingia mwilini kwa shida, lakini ndimu ikikamuliwa juu yake, au mama akila chungwa au embe pamoja nacho, huingia kwa wepesi zaidi. Chai nayo hukizuia. Najua nawagusa penye kidonda, maana Mswahili na chai yake hawatengani. Sisemi iachwe, nasema isinywewe pamoja na chakula, ingojewe saa moja au mbili. Tena papa, hata akiwa mkavu, na nduaro wasiliwe wakati wa mimba, kwa sababu samaki wakubwa walao wenzao hukusanya zebaki, nayo hudhuru ubongo wa mtoto. Ama yale niliyoyasikia utotoni, kwamba mja mzito asile mayai, au ale kidogo ili mtoto asiwe mkubwa, hayana msingi.

Sheria ya mwaka 2012 iliwalazimisha wenye viwanda kutia chuma na foliki katika unga wa mahindi na wa ngano. Unga tunaosaga wenyewe katika vinu vya mtaani hautiwi kitu, basi mama aulaye asikose vidonge vya kliniki. Kidonge cha chuma na foliki humezwa kila siku. Wengine hukitupa kwa sababu huwachafua moyo. Wajaribu kukimeza usiku kabla ya kulala.

Sasa niseme juu ya udongo. Wataalamu waliochunguza wajawazito wa Kilifi katika miaka ya 1990 walikuta zaidi ya nusu yao wakila udongo mara kwa mara, wengi wakiubandua katika kuta za nyumba. Akina mama wenyewe waliuhusisha na upungufu wa damu na safura, wala hawakukosea. Tusiwacheke. Mama anayetamani udongo apelekwe akapimwe damu na minyoo.

Wenzetu wa upande wa Changamwe wana jambo zito zaidi. Pale Owino Uhuru, karibu na Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza risasi tangu 2007 mpaka 2014. Mahakama iliamuru mwaka 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya mabishano mengi Mahakama ya Juu iliurudisha uamuzi huo Desemba 2024. Lakini risasi hukaa mifupani miaka mingi, na mwanamke akishika mimba hutoka tena ikamfikia mtoto. Mama aliyeishi pale amweleze muuguzi habari hiyo mapema. Chuma na kalsiamu ya kutosha hupunguza madhara, ingawa haviyaondoi.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri mama aonane na wauguzi mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya majuma 12 kutimia. Huko hupata chandarua, na baada ya miezi mitatu ya kwanza hupewa vidonge vya kuzuia malaria. Aidha bima ya NHIF ilikwisha Oktoba 2024, ikashikwa na SHA. Asiyejiandikisha asingoje uchungu.

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukubali kutenga sehemu ya ada zetu za kila mwezi iwe ya wajawazito: nauli ya kliniki, na trei moja ya mayai kwa mwezi kwa mama ambaye mumewe hana kazi. Hesabu nimeiandika katika ukurasa wa mwisho wa daftari, na Mweka Hazina anayo nakala. Fungu la mazishi halitaguswa.