Fimbo, Kivuli na Safari ya Biharwe

(Hotuba ya mwalimu wa darasa la tano, iliyosomwa mbele ya Kamati, wazazi na wageni katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, Nakivale)



Nashukuru kupewa nafasi hii. Katibu aliniomba nizungumze juu ya maendeleo ya elimu. Aniwie radhi, maana nitazungumza juu ya fimbo moja na safari moja. Mambo hayo mawili yameleta maneno kambini, na ni heri tuyaseme hapa hadharani kuliko kuyasema kwenye foleni ya maji.

Nianze na fimbo. Mimi nilisomea ualimu kwetu Kongo. Pale chuoni profesa alitusomea kutwa nzima kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda, nasi tukaandika madaftari matatu yakajaa. Hatukutenda lolote. Nilipofika hapa Nakivale nikapewa darasa la watoto zaidi ya mia moja, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, na watoto wa wenyeji wetu Wanyankole. Vitabu ni vichache na somo ni la Kiingereza. Nikisema "angle" nusu ya darasa wananitazama mdomo tu. Hapo ndipo niliyakumbuka yale madaftari.

Mwezi wa tatu, karibu na tarehe 21, tulisimika fimbo ya mita moja katikati ya uwanja. Watoto walishangaa kidogo kuona fimbo ya mwalimu isiyokuwa ya kuchapa. Kila baada ya dakika kumi kundi moja lilitoka, likaweka jiwe mahali ncha ya kivuli ilipofika, likapima kwa rula na kuandika. Swali lilikuwa rahisi: kivuli kitakuwa kifupi kabisa saa ngapi? Darasa zima likajibu, saa sita mchana, bila wasiwasi.

Saa sita ikafika. Kivuli bado kirefu. Saa sita na nusu, bado kinapungua. Kilipofika ufupi wake wa mwisho, kiasi cha upana wa kidole, ilikuwa karibu kabisa na saa saba. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, saa ya shule imeharibika." Tukaazima simu tatu za walimu, zote zikasema vilevile. Hapo kijana mmoja wa Kisomali akasimama, akasema kwao Mogadishu jua huwa utosini saa sita kweli, baba yake alimwambia. Na msichana wa kutoka Bukavu naye akasema kwao pia ni saa sita. Wakaanza kubishana: inawezekanaje Mogadishu iwe sawa, Bukavu iwe sawa, na sisi tulio katikati tukose?

Ndugu zangu, sijawahi kuona darasa likibishana hivyo juu ya somo. Jibu ni hili. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa, yaani digrii moja kwa dakika nne. Saa ya Uganda, Kenya, Tanzania na Somalia imewekwa kwa kufuata longitudo ya 45 mashariki, na Mogadishu iko karibu juu ya mstari huo. Sisi Nakivale tuko karibu na 31. Tofauti ni digrii 14, mara dakika nne, ni dakika 56. Kwa hiyo jua linatufikia utosini karibu saa nzima baada ya Mogadishu. Bukavu wao wanafuata saa ya mashariki ya Kongo, iliyowekwa kwa longitudo ya 30, ndiyo maana saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja na jua lao liko sawa. Hesabu hiyo watoto waliifanya wenyewe kwenye vumbi. Yule msichana wa Bukavu alikuwa hajasema neno darasani tangu muhula uanze. Siku ile alifundisha yeye.

Sasa nije kwenye safari, ambayo ndiyo yenye maneno.

Baada ya vivuli watoto waliuliza kama jua laweza kutoweka mchana. Nikawaambia habari ya Biharwe, upande wa mashariki wa mji wa Mbarara, kwenye barabara ya Masaka. Masimulizi ya Ankole yanasema jeshi la mfalme wa Bunyoro lilikuwa likirudi na ng'ombe wa kuteka, jua likazimika ghafula, askari wakakimbia na kuwaacha ng'ombe. Wataalamu wamehesabu kwamba kupatwa huko kwa jua kulikuwa mwaka 1520, na leo pana mnara wa ukumbusho. Kando yake liko jumba la makumbusho la Igongo. Watoto wakasema, twende.

Mara ya kwanza hatukwenda. Tuliahidiwa lori, watoto wakaja alfajiri na mihogo yao imefungwa kwenye majani, wakakaa chini ya mti hadi adhuhuri. Lori halikuja, wala neno la pole halikuja. Simtaji mtu. Ila nawaomba wageni wetu mjue kwamba mtoto aliyekimbia vita anajua sana kusubiri gari lisilokuja, na hakuna haja ya sisi kumfundisha tena.

Mara ya pili tulijipanga wenyewe. Wazazi walichanga, mwingine fedha, mwingine maharage ya kuuza. Tulipata barua ya safari. Lakini wazazi kadhaa walikataa kutia sahihi, na baadhi ya walimu waliwasema kuwa ni watu wasiopenda shule. Jambo hilo limeniuma. Mama mmoja aliniita pembeni akaniambia, "Mwalimu, mara ya mwisho nilipompandisha mtoto wangu ndani ya gari nikamwambia tutaonana jioni, nilimwona baada ya miezi minane." Ningemjibu nini? Nilimwambia, "Mama, basi panda nawe." Akapanda.

Tulisimama Mbarara kando ya mto Rwizi. Mto huu huingia katika mabwawa na maziwa, Mburo, Nakivale yetu, Kachera na mengine, kabla maji hayajafika Ziwa Victoria. Mabwawa hayo yaliandikwa mwaka 2006 kuwa eneo la umuhimu wa kimataifa, na sisi huteka ndani yake kwa jerikeni. Mtoto mmoja akatazama taka zilizokuwa zikielea akauliza, "Hizi nazo zinakuja nyumbani?" Sikuwa na jibu la kumfurahisha.

Kule Igongo, mbele ya chombo cha mti cha kukamulia maziwa, mtoto wa Kinyankole alisema ni ekyanzi, na Mnyarwanda akasema hapana, ni icyansi. Wakacheka mpaka mlinzi akaja. Hawa ni watoto ambao kwenye bomba la maji hugombana kila siku kwa sababu mmoja ni mwenyeji na mwingine ni mkimbizi.

Na yule mama? Alihesabu watoto. Aliwahesabu tukishuka, akawahesabu tukipanda, akawahesabu Mbarara mara tatu. Watoto wote. Nami nimejifunza kwake kuliko chuoni.

Kwa hiyo ombi langu kwa Kamati. Makazi haya yametambuliwa rasmi tangu mwaka 1960, na kuna wazee hapa walioingia wakiwa watoto na mpaka leo Mbarara wanaijua kwa hospitali tu. Safari moja kwa mwaka kwa darasa la tano si anasa. Iingizwe katika bajeti ya shule pamoja na chaki na madaftari, ili asiyeweza kuchanga asibaki. Orodha ya majina iwe mbili, moja ibaki kwa Kamati. Wazazi wasafiri pamoja nasi, na kati yao awepo mmoja ambaye kazi yake ni kuhesabu. Mzazi anayekataa asisemwe vibaya. Aendewe nyumbani, asikilizwe.

Orodha ya muhula ujao iko kwa katibu, pale mezani. Nafasi ya mama wa kuhesabu imekwisha chukuliwa, ameniambia haachi. Nafasi za wazazi wengine watatu ziko wazi. Na tarehe 23 Septemba tutasimika tena fimbo uwanjani, yeyote mwenye saa nzuri anakaribishwa kabla ya saa saba.