Neno "Dhati" na Matumizi Yake

Jioni hii twataka kusema machache juu ya neno moja dogo, ambalo wengi wetu hulitamka bila kulipima. Neno hilo ni dhati. Mikutanoni twasikia, "Nawaahidi kwa dhati," na katika barua twasoma, "Nina nia ya dhati." Je, dhati ni nini?

Neno hili limetoka katika Kiarabu. Humo maana yake ni nafsi ya kitu, yaani kitu chenyewe, mbali na sifa zake. Sifa ni jambo ambalo kitu chaweza kuwa nalo au kulikosa, nacho kikabaki kile kile. Dhati ni ile ambayo ikiondoka, kitu chenyewe kimekwisha.

Na tutwae mfano wa ngalawa. Moja ni ndefu, nyingine fupi. Moja ina tanga jipya, nyingine tanga la viraka. Hizo zote ni sifa. Fundi akibadili tanga, ngalawa ni ile ile. Lakini akiyaondoa matengo, yaani ile miti miwili ya ubavuni, huku na huku, iizuiayo isipinduke, hapana ngalawa tena. Kilichobaki ni mtumbwi. Gogo lililochongwa ni lile lile, ila kitu kimekuwa kingine. Wala hakuna awezaye kuipeleka dhati ya ngalawa sokoni peke yake akaipima kwa ratili. Haishikiki kwa mkono. Hushikwa kwa akili. Hata hivyo ni kweli, na mwenye kuisahau baharini atalowa.

Mwanachuoni mkubwa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alilitumia neno hili katika fumbo la ajabu. Alisema, mfikirini mtu aliyeumbwa mara moja, mtimilifu wa akili, akielea hewani. Macho yake yamefunikwa, na viungo vyake vimeachana hata havigusani. Hajui kama ana mikono wala miguu. Je, atajua ya kuwa yupo? Ibn Sina alijibu kwamba atajua: ataithibitisha dhati yake, ijapokuwa hajui urefu wake wala upana wake. Wako waliolipinga jibu hilo, lakini swali lingali linatufaa.

Kiswahili nacho kina njia yake ya kutaja mambo yasiyoonekana, na njia hiyo ni herufi moja tu: u. Mtu twamwona akipita njiani. Utu hatuuoni ukipita, lakini ukikosekana nyumbani, hata mtoto mdogo hujua. Basi dhati ya mtu tukiiita utu, hatukosi.

Haya si maneno ya mchezo. Mpaka mwezi wa Juni, 1873, soko la watumwa lilikuwa wazi mjini Unguja. Wanunuzi walimtazama mtu meno yake, umri wake na nguvu za mikono yake, kisha wakamtilia bei. Walizihesabu sifa zake, wakaikana dhati yake. Soko hilo lilifungwa mwaka ule, lakini desturi ya kumpima mtu kwa sifa haikufungwa pamoja nalo. Sisi walimu tumemwona mtoto akichekwa darasani kwa shati lenye viraka, au kwa kabila lake, na mara nyingine tulinyamaza. Kunyamaza kwetu kulikuwa kama kukubali bei.

Basi, mtakapo kulitumia neno hili, lijaribuni kwanza. Asemaye "naahidi kwa dhati" asema kwamba ahadi imetoka katika nafsi yake, wala si kwa ajili ya wanaomtazama. Ikiwa watazamaji wakienda zao ahadi nayo yaenda, hiyo ilikuwa sifa ya siku ile tu.

Nanyi wanafunzi, kesho twaeni kitu kimoja cha nyumbani, jembe au mtungi, mkaulizane: tukiondoa hiki, chabaki kile kile? Tukiondoa na hiki, je? Mkisha kuzoea, mtazameni jirani yenu kwa swali lilo hilo. Ondoeni nguo yake, kabila lake na mali yake, mwone ni nani aliyebaki mbele yenu. Huyo ndiye wa kuamkiwa.