MTOTO ASIYEHESABIWA HALISHWI

Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Nairobi



Tumeombwa tuseme juu ya umaskini wa watoto katika mji wetu huu wa Nairobi, na juu ya njia ya kuupunguza. Jambo hili si geni kwa mtu yeyote aliyepo hapa. Kila mmoja wetu anamjua mtoto anayelala bila kula, au anayekaa nyumbani kulea mdogo wake wakati mama amekwenda kutafuta kibarua cha kufua nguo. Lakini kumjua mtoto mmoja ni jambo moja, na kujua watoto hao wako wangapi, wanakaa kijiji gani, na wanakosa nini, ni jambo jingine. Anayemjua mmoja humpa sahani ya chakula, naye Mungu atamlipa. Wanaowajua wote huweza kudai shule, bomba la maji na zahanati.

Basi neno letu leo ni moja, nasi twaomba mlishike. Hesabu ya watoto maskini ikifanywa pamoja na wenyeji wenyewe, ikawekwa mezani mbele ya wote wanaohusika, yaweza kupunguza umaskini. Ikifanywa na wageni na kufungiwa kabatini, haimshibishi mtu.

MJI ULIOPANGWA BILA MTOTO

Tuanze na chanzo. Mji huu haukupangwa kwa ajili ya mtoto wa Mwafrika. Serikali ya kikoloni ilimtaka baba peke yake, aje afanye kazi, kisha arudi kwao. Ilimhesabu ili alipe kodi ya kibanda. Ikamhesabu tena kwa kipande, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na wazee wetu wakakivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Msidhani wakoloni hawakujua kuhesabu. Walijua sana, ila walihesabu kile walichotaka kukichukua.

Mshahara nao ulipimwa kwa tumbo la mtu mmoja. Mwaka 1954 kamati ya serikali hiyo hiyo ya kikoloni, iliyoongozwa na Carpenter, ilikiri kwamba ujira wa chini wa Mwafrika ulikuwa umepangwa kwa mahitaji ya kapera, ikapendekeza upandishwe hatua kwa hatua hata umfae mtu mwenye mke na watoto. Tazameni basi, ndugu zangu. Mtoto hakuwamo katika hesabu ya mshahara. Hakuwamo katika hesabu ya vyumba. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 na jamaa wakaja kukaa pamoja mjini, walikuta mji usio na nafasi yao, wakajijengea kwa mbao na mabati walipoweza.

Huo ndio urithi tulioupokea. Lakini miaka zaidi ya 60 imepita, nasi hatuwezi kumsukumizia mkoloni kila kitu. Yatupasa kujiuliza: Je, sisi wenyewe tumemtia mtoto huyo katika hesabu?

WASTANI HUFICHA MAITI

Katika uchunguzi wa afya ya taifa wa mwaka 1998 ilionekana kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa Nairobi, 62 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Mashambani walikufa 113. Mtu aliyesoma karatasi hiyo alisema, mtoto wa Nairobi ana bahati, pesa zipelekwe kwingine.

Mwaka 2000 watafiti wa kituo cha African Population and Health Research Center, ambacho makao yake ni hapa Nairobi, wakaingia katika mitaa ya mabanda na kuuliza nyumba kwa nyumba. Matokeo yao yalipotangazwa mwaka 2002 yalikuwa ya kutisha: katika mitaa hiyo walikufa watoto 151 kati ya kila 1,000. Katika mji uliosifiwa kuwa bora kuliko mahali pengine, watoto wa mabanda walikuwa wakifa kuliko watoto wa mashambani.

Mambo hayo yalifichikaje? Kwa njia rahisi sana. Mtoto wa Karen na mtoto wa Korogocho walitiwa katika kapu moja, wakajumlishwa, wakagawanywa, ikatoka hesabu nzuri isiyomhusu hata mmoja wao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye wastani hamjui ye yote.

Kuanzia 2002 kituo hicho kilifuatilia nyumba za Korogocho na Viwandani, kikiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa na kwa ugonjwa gani. Mitaa ya mabanda ilipopimwa tena mwaka 2012, vifo vya watoto vilikuwa vimeshuka hadi karibu 80 kati ya 1,000. Hatusemi kwamba kalamu na karatasi ndizo zilizowaponya. Kulikuwa na chanjo, na waganga, na akina mama wenyewe waliojitahidi. Lakini tangu siku ile 151 ilipotangazwa, hakuna tena aliyeweza kusema kwamba mtoto wa Nairobi hana shida.

Na si vifo tu. Elimu ya msingi ilipofanywa bure Januari 2003, wengi tulidhani taabu ya shule imekwisha. Watafiti hao hao wakaonyesha kwamba watoto wengi wa mabanda walikuwa bado wanasoma katika shule za binafsi za mabati, na wazazi wao maskini wanalipa karo, kwa kuwa shule za serikali zilikuwa chache karibu nao na zimejaa. Sheria ilisema bure, na mama wa Viwandani alikuwa akilipa.

WALIOJIHESABU WENYEWE

Sasa twende Mukuru, upande wa viwanda, katika Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Watu wa huko walikaa miaka mingi juu ya ardhi ambayo hati zake walipewa wengine, wakingoja tingatinga lije asubuhi yo yote. Wenyeji walio katika Muungano wa Wanavijiji, chama kilichoanza mwaka 1996, walikwisha kujifunza kwamba mtu asiyeandikwa hufukuzwa kwa urahisi. Wakashirikiana na wanafunzi na walimu wa vyuo vikuu, na wanasheria, wakapima njia, wakahesabu vyoo na mabomba, wakauliza kila mtu analipa nini.

Wakagundua jambo ambalo kila mmoja alilijua mfukoni mwake, lakini hakuna aliyelijumlisha. Mtu wa Mukuru alinunua maji kwa mtungi kwa bei iliyo zaidi ya maradufu ya bei ya yule mwenye bomba nyumbani katika mtaa wa matajiri. Umeme nao aliununua ghali kuliko wao. Yaani, ndugu zangu, maskini alikuwa akitozwa faini kwa kosa la kuwa maskini! Na shilingi hiyo ilitoka wapi? Ilitoka katika uji wa mtoto, na daftari lake, na dawa yake.

Hesabu hiyo ilipofika mezani, serikali ya kaunti haikuweza kuikataa. Agosti 2017 Mukuru ilitangazwa kuwa eneo la mpango maalumu, lenye nyumba zaidi ya 100,000. Mashirika zaidi ya 40 yakagawanywa katika makundi: hawa wa maji na vyoo, hawa wa afya, hawa wa elimu, hawa wa barabara, hawa wa ardhi na sheria. Hapo zamani kila shirika lilikuja na daftari lake, likamwuliza mama yule yule maswali yale yale, likaondoka. Sasa walitakiwa wasome hesabu moja na kuandika mpango mmoja. Wenyeji nao wakajipanga kwa nyumba kumi kumi, kila kumi na msemaji wao, ili mpango usiandikwe juu ya vichwa vyao. Tangu 2020 barabara zimetiwa lami, visima vimechimbwa na vituo vya afya vimejengwa. Mtoto wa Mukuru anapata faida ya mambo hayo ingawa jina lake halimo katika kandarasi hata moja.

Lakini hatukuja hapa kupiga makofi tu. Mwaka 2021, katika Oktoba na Novemba, tingatinga likaingia Mukuru kwa Njenga kufungua barabara, na maelfu ya jamaa wakalala nje, watoto wao pamoja nao. Mwaka 2024, baada ya mafuriko makubwa, nyumba za kando ya mito zikabomolewa Mathare na Mukuru. Watu hao walikuwa wamehesabiwa. Mpango wao ulikuwa umeandikwa. Tujifunze basi kwamba hesabu njema ni silaha, nayo silaha iliyotundikwa ukutani haimlindi mwenye nyumba. Lazima pawe na watu wa kuishika, na kuisoma kwa sauti mbele ya wakubwa kila mara wanapotaka kuisahau.

SAHANI NA WALE WALIOACHWA NJE

Tuna mfano mwingine wa karibu. Mwaka 2023 kaunti yetu ilianza mpango wa chakula cha shule uitwao Dishi na County, pamoja na serikali kuu na shirika la Food4Education, lililoanzishwa na Wawira Njiru mwaka 2012. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani. Mtoto huvaa bangili ya elektroniki, huigusisha kwenye mashine, naye huhesabiwa na kupewa chakula chake. Wapishi wanajua wamelisha wangapi, na fedha zimekwenda wapi. Mtoto asiye na senti na mwenye nazo husimama mstari mmoja, wala hakuna anayeaibishwa mbele ya wenzake. Hilo ni jambo la kusifiwa.

Lakini kumbukeni wale watoto wa shule za mabati tuliowataja. Mpango huu ulianzishwa kwa shule za umma. Mtoto wa shule ya mabati ni maskini vile vile, na pengine zaidi, naye hakuwamo. Hatusemi hivi kwa kubeza kazi iliyofanyika. Twasema kwa sababu hesabu ikianzia mlangoni mwa shule ya serikali, itaishia hapo hapo. Yatupasa ianzie mlangoni mwa nyumba.

TUSIVISHWE KIPANDE KIPYA

Wazee wataguna. Watasema: Tuliandikwa zamani, tukafungwa kipande shingoni. Leo mwatuambia tuandikwe tena, na watoto wetu pia? Wazee wana haki ya kuguna, na yafaa tuwajibu kwa heshima.

Kipande kilikuwa habari za mwananchi mikononi mwa mwingine, wala yeye hakuwa na ruhusa ya kukivua. Leo tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayotaka habari za mtoto zisitumiwe bila idhini ya mzazi au mlezi wake. Tuishike sheria hiyo. Anayebisha hodi na daftari au simu aulizwe: Wataka habari hizi za nini? Nani atazisoma? Utaturudishia lini majibu? Akikosa jibu, mfungieni mlango kwa adabu. Akiwa na jibu, mpeni kiti na ukweli wote, maana hesabu yenye uongo itawaibia watoto wenu wenyewe.

KAZI YETU

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Nairobi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na lishe, na makao, na matibabu. Haisemi kila mtoto isipokuwa wa Korogocho. Basi kila tawi lifanye haya.

Kwanza, wanachama wajue katika nyumba kumi zinazowazunguka ni watoto wangapi hawako shuleni, na kwa sababu gani. Jina la mtoto libaki kwa wazazi wake. Hesabu ndiyo iletwe mkutanini.

Pili, tusianze daftari jipya mahali palipo na daftari zuri. Twende kwa mwalimu mkuu, kwa mhudumu wa afya wa kijiji, kwa kanisa na msikiti, kwa chama cha akina mama, tukae meza moja na kulinganisha. Pale ambapo hesabu zetu hazipatani, hapo ndipo penye mtoto aliyesahauliwa.

Tatu, kaunti inapoita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, twende na hesabu hizo mkononi. Mtu akisimama na kulia njaa, ataambiwa pole. Akisimama na kusema kijiji fulani kina watoto kadha wa kadha na hakina shule hata moja ya umma, atajibiwa.

Nne, mwaka ujao tuulize maswali yale yale, kwa watu wale wale, tuone kama hesabu imeshuka. Isiposhuka, tujue tumedanganywa au tumelala, na mkutano huu uambiwe wazi ni lipi kati ya hayo mawili.

Ndugu wanachama, kidole kimoja hakivunji chawa. Mkoloni alimhesabu baba ili amtoze. Sisi tumhesabu mtoto ili ale, asome na apone. Kazi hiyo haingoji waziri wala mfadhili. Yaweza kuanza Jumamosi hii, katika nyumba kumi zilizo karibu nanyi.