Kopi yenye muhuri



Mama mmoja wetu, aliyerudi toka Nyarugusu, anapangisha vyumba viwili. Mwaka jana alilipia kodi mara mbili. Kila mtu alisema "ni ya Serikali", na hakuna aliyemwachia hata karatasi.

Tuelewane. Kodi ya kiwanja na ile ya nyumba za kupangisha, Katiba ya 2006 iliziachia jimbo. Hapa kwetu Kivu ya Kusini ni DPMER. DGI njo inashugulikia kodi ya mshahara. Ukikosea mlango, utazunguka siku nzima na pesa ya moto inaisha.

Tena, usiende kuuliza kwa mdomo tu. Andika barua: jina kamili, avenue, kile unachouliza. Ufanye kopi mbili. Moja inabaki kwa biro, ingine wanaipiga muhuri na tarehe, unarudi nayo. Mama hajui kuandika. Mimi niliandika, yeye akatia kidole. Pesa ya kopi na ya moto ilitoka kwa kisanduku chetu, wafadhili wajue.

Juzi mtu alirudi tena mlangoni. Mama akamuonyesha ile kopi. Akaisoma, akaenda zake.