Saini Juu ya Picha Zinazouzwa

(Mazungumzo kwa makatibu na watunza hazina wa vyama wanachama, Chake Chake)



Chama kinachouza mikoba ya ukili na viungo huenda siku moja kikaletewa na mwanachama kijana picha za mikarafuu, za mashua za Mkoani au za mchezo wa ng'ombe, zitundikwe dukani. Aghalabu katibu huuliza kwanza bei. Ingefaa aulize kwanza jina la mpigaji limeandikwa wapi.

Jambo hili si geni pwani hii. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zimejulikana kwa vizazi kwa maneno “Mali ya Abdulla” yaliyopigwa ukingoni, na mnunuzi huyatafuta kabla ya kufungua mkoba. Mjini Unguja, tangu karne ya 19, A. C. Gomes alichapisha jina lake kwenye kadi za picha zake. Ndiyo maana kazi yake inatambulikana hata leo, ilhali picha nyingi za zama zile hazina mwenyewe.

Hasara ya kukosa jina ilionekana mwaka 1991. Katika maonyesho ya sanaa ya Afrika huko New York zilitundikwa picha za watu wa Bamako, nchini Mali, na ikaandikwa kuwa mpigaji wake hajulikani. Mpigaji, Seydou Keïta, alikuwa hai mjini mwake, na studio aliifungua mwaka 1948. Jina lilikuwa limekwisha kuachana na kazi, ikabidi watu wafunge safari kumtafuta. Mwaka 1994 akaonyeshwa Paris kwa jina lake, naye alikuwa mzee tayari.

Basi saini itiwe, na itiwe na mpigaji mwenyewe. Mahali pazuri ni pambizo nyeupe chini ya picha, au nyuma ya karatasi karibu na ukingo. Karatasi ya kawaida hupokea kalamu ya risasi, ambayo haichujuki. Karatasi yenye ngozi ya plastiki huikataa, nayo yataka kalamu ya wino usiofutika, ikauke kabisa kabla nakala hazijapangwa moja juu ya nyingine. Kalamu ya wino ya kawaida ikikandamizwa nyuma huacha kovu usoni mwa picha. Mwaka wa kupiga na mwaka wa kusafisha nakala si lazima uwe mmoja, hivyo yote miwili iandikwe.

Wengine huongeza namba, mathalan 3/25, yaani nakala ya tatu katika ishirini na tano. Desturi hii ilitoka kwa wachoraji wa bamba za shaba, ambazo huchakaa kila zikichapwa. Negativu haichakai hivyo. Kwa hiyo namba ya picha ni ahadi tupu isipokuwa kuna daftari. Kila nakala iingizwe humo: namba, tarehe, mnunuzi na bei. Ikifika ya ishirini na tano, basi. Atakayesafisha ya ishirini na sita amewadhulumu wote waliotangulia.

Ipo tabia ya kumtaka mpigaji asaini karatasi nyingi kabla hajasafiri, au katibu kumsainia kwa kuwa yuko Unguja. Aliyezoea kukagua vitabu anaijua: ni ndugu wa hundi iliyosainiwa kabla ya kiasi kuandikwa. Mhuri wa chama waweza kugongwa nyuma kuonyesha duka lililouza, lakini haushiki nafasi ya mkono wa mpigaji.

Mpigaji akifariki, mrithi asiige saini yake. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaendelea kusafisha na kuuza picha za baba yake. Katika hali kama hiyo nakala iandikwe wazi nani alipiga na nani alisafisha, na mrithi atie jina lake mwenyewe.

Kadhalika mnunuzi aelezwe kwamba amenunua karatasi. Haki ya kuichapa kwenye kalenda au fulana hubaki kwa mpigaji, na Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 2003. Wala saini haimpi mpigaji ruhusa ya kuuza uso wa mtu. Picha ya bibi harusi iliyopigwa kwa malipo ya nyumba yake isitundikwe dukani, hata iwe nzuri namna gani, mpaka yeye mwenyewe akubali kwa maandishi, na karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na daftari.