BIMA YA MATIBABU: SHERIA INAMFUNGA NANI?

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumetakiwa na Kamati ya Tawi tuseme machache juu ya sheria za bima ya matibabu, jambo ambalo sasa kila baraza la kahawa lina mufti wake. Sisi si madaktari wala si mawakili. Sisi ni watu wa dukani, na kazi yetu ni mizani, daftari na deni. Lakini mtu wa dukani ana ada moja ambayo twaona itafaa hapa. Akiletewa karatasi ya makubaliano haanzi kutazama bei. Hutazama kwanza nani amefungwa na karatasi ile, amefungwa kwa lipi, na akivunja atafanywa nini. Bei huja baadaye. Khabari za bima zimesemwa kinyume chake: watu wamegombania bei miaka mizima, na mgonjwa mwenyewe, ambaye kwa ajili yake sheria zote hizi zimeandikwa, ametajwa mara chache kabisa.

Kwanza tuondoe mchanganyiko ulioenea mitaani. Katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, afya haimo katika orodha ya Mambo ya Muungano. Kwa hivyo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge kule Dodoma mwezi wa Novemba 2023, ni sheria ya Tanzania Bara. Yetu sisi Visiwani ni Sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, Namba 1 ya mwaka huo huo wa 2023, iliyopita katika Baraza la Wawakilishi, na watumishi wa Serikali ndio waliotangulia kutiwa ndani yake. Ila ile ya Bara, na zile za nchi nyengine, ndizo zilizotetewa na kupingwa hadharani kwa muda mrefu, nasi tutapita huko kabla ya kurudi nyumbani. Mjadala wa jirani ni darsa isiyo na ada.

Bima yenyewe si kitu kigeni kwetu. Wengi waliokaa hapa wamo katika vyama vya kuzikana. Kila mwezi kila mtu hutoa chake, na akifiwa mmoja hubebwa na wote. Chama kile husimama kwa sababu hakuna ajuaye zamu ijayo ni ya nani. Lau watu wangeruhusiwa kujiunga jioni ya msiba na kujitoa asubuhi ya khitma, chama kingelikufa kabla ya wanachama wake.

Jambo hilo khasa liliwafika wenzetu wa Bara. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa Sheria ya 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ulikuwa na kadi ya watoto iliyoitwa Toto Afya, mzazi akilipa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa kila mtoto. Mfuko ukalalamika kwamba wanaoandikishwa wengi ni watoto walio wagonjwa tayari, na kwamba fedha zinazotoka zinapita mbali zinazoingia. Mwaka 2023 kadi ile ikasimamishwa. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini tuseme kweli: Mfuko nao haukusema uwongo, kwani hakuna mfuko unaoweza kuishi kwa wagonjwa watupu. Na mzazi aliyemkatia kadi mtoto wake siku ile aliyojua kuwa ana maradhi ya moyo, yeye alikosa nini? Aliuziwa kitu dukani akakinunua. Kosa lilikuwa katika utaratibu wenyewe, uliomwachia kila mtu ajiunge apendapo, na hesabu ilipokataa, aliyeondolewa mezani akawa mtoto. Kadi ile hata ilipokuja kurejeshwa baadaye, miezi iliyopotea haikurejeshwa nayo.

Basi watawala wakasema: madhali hiari imeshindwa, iwe lazima. Hapo ndipo ulipokuja Muswada wa Septemba 2022, na wanaosoma magazeti watakumbuka makelele yake. Ulitaka bima iwe sharti la kupata leseni ya udereva, leseni ya biashara, hati ya kusafiria, usajili wa laini ya simu, na hata mtoto kuingia kidato cha tano. Michango iliyotajwa wakati ule kwa watu wasio na ajira rasmi ilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na 84,000 kwa mtu mmoja. Muuza mchicha angelikatwa simu yake kwa kuwa hana bima! Wabunge wenyewe wakasitasita, suala la fedha za kuwalipia wasio na uwezo likawa halijakaa sawa, Muswada ukaahirishwa, na uliporudi mwaka 2023 vifungo vile vya kumnyima mtu leseni na simu vilikuwa vimeondolewa. Ukaja pia na mfuko wa kuwabeba maskini, utakaopata fedha zake miongoni mwa ushuru wa vileo, vinywaji vyenye gesi, vipodozi na michezo ya kubahatisha.

Kenya nao walipita njia ile ile. Sheria yao ya mwaka 2023 ilimtaka kila mwenye mshahara atoe asilimia 2.75, na asiyekuwa na mshahara asipungue shilingi zao 300 kwa mwezi, tena aoneshe kuwa amelipa kabla ya kupewa huduma za Serikali. Mahakama ya Rufani, Januari 2024, iliiachilia sheria iendelee lakini ikakizuia kifungu hicho cha kuonesha. Julai ya mwaka huo Mahakama Kuu ikasema sheria nzima inakwenda kinyume na Katiba, Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu hiyo, na tarehe 1 Oktoba 2024 mfuko mpya ukaanza, ukichukua nafasi ya ule wa tangu 1966.

Ndugu wanachama, sisi hatusemi kwamba lazima ni dhulma. Tumekwisha kusema kuwa bila ya wazima kuchangia, wagonjwa hawana bima. Tunachosema ni kwamba waandishi wa sheria hizi walikuwa hodari wa kumfunga mchangiaji. Walimfunga kwa leseni, kwa simu, kwa skuli ya mtoto wake. Jee, mpokeaji wa fedha alifungwa kwa kamba gani?

Nchi iliyoteta juu ya swali hili kuliko zote ni Marekani. Huko, kabla ya sheria yao ya 2010, katika majimbo mengi mtu aliyekwenda kujinunulia bima mwenyewe aliulizwa kwanza umewahi kuugua nini. Akisema sukari, au saratani, kampuni ikimkataa, au ikimtajia bei ya kumfukuza. Na aliyekubaliwa aliweza kuambiwa siku moja, akiwa kitandani, kuwa kima chake cha maisha kimekwisha, hakilipwi tena kitu. Sheria iliyotiwa sahihi na Rais Obama tarehe 23 Machi 2010 ilisuka kamba tatu pamoja. Kampuni isimkatae mgonjwa wala isimpandishie bei kwa ugonjwa wake. Kila mtu awe na bima au alipe faini. Na mwenye pato dogo asaidiwe na Serikali. Kamba mbili kati ya hizo zinawafunga wenye nguvu, na moja inamfunga raia. Kwa mizani ya dukani, hiyo ni karatasi inayosomeka.

Chama cha Republican kiliapa kuifuta. Mwaka 2017 kilikuwa na Rais, kilikuwa na wingi katika mabaraza yote mawili, na Baraza la Wawakilishi lilikwisha kuupitisha mswada wake tarehe 4 Mei kwa kura 217 dhidi ya 213. Nani angeliweza kuzuia? Lakini katika miezi ile watu wenye maradhi, na wazee wa watoto wenye maradhi, walikwenda kwenye mikutano ya wabunge wao, wakasimama mmoja mmoja, wakawauliza: ukifuta sheria hii, mimi nitakatwa au sitakatwa? Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai mswada ulianguka katika Seneti kwa kura 51 dhidi ya 49, na watatu katika waliouangusha, Collins, Murkowski na McCain, walikuwa wa chama hicho hicho. Mwisho wa mwaka ule waliiondoa faini, ikawa sifuri tangu 2019. Lazima ile haikuwa na rafiki. Lakini kifungu cha kutomkataa mgonjwa hawakukigusa, na Juni 2021 Mahakama Kuu yao iliikataa kesi ya kuipinga sheria hiyo kwa majaji 7 dhidi ya 2. Hawakumaliza ugomvi wao: mwaka 2025 Serikali yao ilifungwa siku 43 kwa sababu ya misaada ya kulipia bima hizo hizo. Lakini kinga ya mgonjwa ilisimama.

Sasa turudi karibu. Tarehe 1 Machi 2024 Mfuko wa Taifa kule Bara ulianza kutumia kitita kipya cha bei. (Neno hili kitita, wazee mtatusamehe, sisi tulilijua ni la kuni au la noti, siku hizi ni orodha ya matibabu unayostahiki na bei zake.) Hospitali za watu binafsi zikasema bei zile haziwatoshi, na baadhi yao zikaacha kupokea wanachama wa Mfuko. Sisi wauzaji hatuwezi kumlaumu mtu kwa kukataa kuuza kwa khasara. Wala hatuwezi kuulaumu Mfuko kwa kuchunga fedha za watu. Walakin mwanachama aliyekatwa mshahara wake mwezi hata mwezi, ambaye hakuwamo katika ugomvi ule, alifika dirishani na kadi iliyo hai akatakiwa alipe taslimu. Mchango wake wa mwezi wa Machi haukusimamishwa. Ulikatwa kama kawaida.

Hapo ndipo kinga ya mgonjwa inapohitajika, na si jambo lisilowezekana. Huko huko Marekani, tangu Januari 2022, mkataba wa bima na hospitali ukivunjika, mgonjwa aliye katikati ya matibabu mazito, au mama mwenye mimba, anaweza kuendelea na daktari wake kwa masharti yale yale hadi siku 90. Na jirani zetu wa Kenya wameandika katika Katiba yao ya 2010, Ibara ya 43, kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Ni sentensi moja fupi, nayo inamfunga mwenye dirisha.

Na sisi Visiwani? Tangu mwaka 1965 tuliambiwa matibabu ni bure, na kizazi kizima kimekua juu ya neno hilo, hata kama mara nyingi bure ile ilikuwa ni ya karatasi tu na dawa ikatafutwa nje. Sasa tumeingia katika zama za mfuko. Mwenye kukatwa mshahara ana haki mpya ambayo aliyekuwa akipewa bure hakuwa nayo: ana haki ya kudai. Akiandikiwa dawa na akaambiwa haipo, kanunue duka la dawa, nani atamrudishia, kwa muda gani, na kwa risiti ya namna gani? Kwa maoni yetu hili ndilo swali kubwa kuliko yote, kwani mfuko unaomtuma mchangiaji wake dukani umempa kadi na kumnyima tiba.

Halafu sisi tuna bahari, na bahari haimo katika hesabu za watu wa Dodoma wala wa Nairobi. Mgonjwa wa Micheweni akipewa rufaa kuja Unguja, au kuvuka kwenda Muhimbili, matibabu ni nusu ya gharama. Kuna boti, kuna mtu wa kumsindikiza, kuna pa kulala huyo msindikizaji. Wangapi wamekaa na karatasi ya rufaa mfukoni mpaka ikachakaa kwa kukosa nauli? Na kuna mvuvi, na mama wa mwani, ambao mapato yao huja kwa bamvua na kwa msimu. Mchango wao ukipangwa kwa mwezi kama wa karani, watakuwa na deni kabla ya kuugua. Kisha mwenye malalamiko apeleke wapi? Akiambiwa ayapeleke kwa mfuko wenyewe, mshitakiwa amekuwa kadhi.

Wajumbe wetu watayasema haya Barazani, lakini wakisimama na maneno matupu watajibiwa kwa maneno. Kwa hivyo Kamati inaomba kila tawi lifungue daftari. Msiandike humo kwamba bima ni mbaya au nzuri. Andikeni mtu alikatwa kiasi gani, siku gani alikwenda kutibiwa, dawa ipi ilikosekana, aliinunua kwa bei gani, na kama alivuka bahari alilipa nauli kiasi gani. Jina lake libaki kwa katibu wa tawi peke yake. Asiyejua kuandika amchukue mtoto wa skuli amwandikie. Madaftari yanatakiwa yafike kwa Kamati kabla ya kikao cha bajeti, na risiti zifungwe pamoja nayo kwa uzi, zisibandikwe kwa gundi, maana wino wake hufutika.